Vifuniko vya Bluu

Tarehe 29 Januari

Kwako Chiriku wangu,

Mama yako ni mzima, mgongo tu ndio unaolalamika, na huo siku ukinyamaza ndipo nitajua naumwa. Natumaini na wewe hujambo na unakula. Usije ukaniletea cheti huku umebaki mifupa.

Barua yako imefika Jumanne. Dada wa mapokezi alishuka nayo mwenyewe mpaka huku chini chumba cha kufulia, akasoma bahasha: "Chuo cha Usimamizi wa Vihatarishi." Nikamwambia, rudia. Akarudia. Nikamwambia paza sauti, mashine namba mbili ina kelele. Bi Mapovu alicheka mpaka akaegemea kapu la mashuka. "Mwenzangu, sasa huyu mtoto tutamwita nani? Daktari wa Hatari?" Basi jina limekaa. Hata mlinzi wa geti anauliza, "Daktari wa Hatari hajambo?"

Wanataka kujua ni kazi gani hiyo. Nimewaeleza kama ulivyonieleza, kwamba wewe utalipwa kukaa na kuwaza kila jambo baya linaloweza kutokea mahali, kabla halijatokea. Mpishi akadakia, "Mbona mke wangu anaifanya hiyo bure?" Nikamwambia mkeo hana cheti, wangu anacho. Najua bado huna, Chiriku, lakini ningemwambiaje mpishi?

Unauliza kwa nini nang'ang'ania barua wakati simu ipo. Simu nitambandikia nani ukutani? Maneno ya simu yakishasemwa yamekwisha. Barua yako nimeisoma mara nne na watu watano wameishika, na mmoja wao alinawa mikono kwanza.

Mimi niliyeishia darasa la saba nina mtoto anayesoma hatari. Acha watu wakome.

Mama yako,
Msimamizi Mkuu wa Chumba cha Kufulia, hoteli nzima, ghorofa zote nne


Tarehe 6 Februari

Shikamoo Mama,

Tafadhali usiwaambie watu nina cheti. Mitihani mitatu nimefaulu, hiyo kweli, lakini imebaki ripoti, na ripoti ndiyo inayowaangusha wengi. Tunatakiwa tuchague mahali pa kazi, tuandike daftari la vihatarishi vyake. Kwa kila kihatarishi unaandika kinaweza kutokea mara ngapi, kikitokea kitaumiza kiasi gani, na mwenye nacho ni nani. Lazima awe mtu mmoja, anayejulikana, wa kujibu.

Wenzangu wamechagua benki, bandari, viwanda. Mimi nimechagua chumba chako cha kufulia. Nimejifunzia kuhesabu mle, kwa foronya. Bado nakumbuka ulivyonifundisha madumu ya stoo: kifuniko chekundu ni dawa ya weupe, usiguse, cha njano ni dawa ya kutu, usiguse kabisa, cha bluu ni ya kulainisha, hiyo unaweza kunusa.

Chuoni hawanipi ruhusa ya kuja, kwa hiyo nakuuliza wewe. Dawa zote zina lebo? Mkibadilisha kitu chochote, kila mfanyakazi anaelezwa? Madirisha yanafunguka? Nijibu mapema, maana ripoti inatakiwa mwisho wa mwezi.

Na nitumie picha ya stoo. Ila Mama, kabla ya kupiga, papangwe kidogo. Unawajua watahini, wakiona vurugu wanaanza kukata alama kabla hawajasoma mstari. Yale madumu ya rangirangi, na vile vifuniko kila kimoja na lake... unaelewa.

Msalimie sana Mama Mdogo Bi Mapovu. Mwambie Daktari wa Hatari amesema aache kuvaa kandambili kwenye sakafu yenye sabuni.

Binti yako,
Chiriku


Tarehe 19 Februari

Daktari wangu wa Hatari,

Majibu haya hapa, na picha imo ndani, usiikunje.

Nilipomaliza kusoma barua yako kichwa kilivimba mpaka kofia ya kazi ikanibana. Chumba chetu! Safu moja na mabenki! Nilimwambia Meneja palepale kwenye ngazi. Alisema "hongera" huku anatazama saa, lakini alisema.

Madirisha yanafunguka. Moja limekwama tangu mwaka juzi, hilo usiliandike, ni dogo. Kuelezana, hapa hatuna siri, hata nani kagombana na mumewe tunajua kabla ya chai. Lebo zipo. Kwenye picha hutaziona kwa sababu nimezigeuzia ukutani, picha isije ikajaa maandishi.

Na stoo, mwanangu, laiti ungeiona kwa macho! Lile dumu lililopasuka mkono, lile lililokuwa la mafuta ya kula, yote nimeyatoa. Nimenunua kwa mfuko wangu madumu sita meupe, mapya, ya aina moja, vifuniko vya bluu vitupu. Jumamosi nzima nimehamisha dawa. Bi Mapovu hakuwepo, ana ruhusa ya siku kumi, binti yake kajifungua mtoto wa kike, kwa hiyo nimefanya peke yangu. Yaliyojaa nimeyaweka mbele, yaliyopungua nyuma. Yamesimama kama wanafunzi siku ya gwaride. Usiogope, mimi nalijua kila moja hata nikifumba macho.

Dada wa mapokezi kapiga kwa simu yake, nikaenda kuisafisha studio nakala mbili, moja yako, moja yangu ya kutembea nayo.

Na pale pa mwenye nacho, kwenye dawa, niandike mimi, na cheo changu usikifupishe. Nani mwingine? Umewahi kumwona Meneja ameshika dumu?

Mama yako,
Msimamizi Mkuu, n.k.


Tarehe 10 Machi

Chiriku,

Nimekaa kimya, kazi zilikuwa nyingi. Mvua inanyesha, mashuka hayakauki, tunayaanika mpaka kwenye ngazi za dharura. Mashine namba mbili imetengenezwa, sasa imenyamaza hata unasikia watu wanavyopumua. Mpishi kaumwa jino. Mlinzi wa geti kahamia nyumba mpya, ndogo kuliko ile ya zamani, lakini ana bomba lake.

Bi Mapovu hayuko kazini siku hizi. Kifua kinamsumbua, kapumzika kwake. Nampitia kila jioni na machungwa.

Ile nakala yangu ya picha sitembei nayo tena, imeanza kuchakaa pembeni.

Ripoti yako umeshaipeleka? Kama bado, nilikuwa nawaza kwamba picha si lazima. Watahini wengine hawapendi picha. Wangesoma tu maandishi yako, maana unaandika vizuri. Lakini wewe ndiye msomi.

Mama yako


Tarehe 18 Machi

Mama!

Nimefaulu. Alama tisini na moja. Ya juu kuliko zote, yule wa benki kapata themanini na nne na hanisalimii.

Ripoti niliipeleka tarehe 27 Februari, picha imo. Na nikwambie, mwalimu aliionyesha ile picha kwa projekta, ukubwa wa ukuta mzima, mbele ya darasa. Akasimama pembeni akasema, "Hivi ndivyo stoo ya dawa inavyotakiwa ionekane. Usawa, usafi, mpangilio." Nilitamani kusimama juu ya kiti niseme, huyo ni mama yangu.

Mahafali ni tarehe 30 Aprili. Uje. Chagua gauni mapema, usiseme utaangalia siku ile. Na Mama Mdogo uje naye, kifua kitakuwa kimepona. Ukumbini wataita jina, mhitimu anasimama, na mzazi wake anasimama pia. Utasimama, Mama. Piga na kigelegele, nimekuruhusu.

Mbona barua yako ya mwisho ilikuwa fupi? Hukuweka hata cheo. Umechoka?

Binti yako, mwenye cheti (sasa unaweza kusema),
Chiriku


Tarehe 27 Machi

Mwanangu Chiriku,

Ni mimi Bi Mapovu. Usishtuke na mwandiko, mkono unatetemeka kidogo. Anwani nimeipata nyuma ya bahasha yako ambayo mama yako aliisahau hapa, ndani ya mfuko wa machungwa.

Hongera sana kwa cheti. Nimesikia kwa dada wa mapokezi. Nikajiuliza, huyu mwenzangu, ambaye wewe ukipata mafua tu anatangaza mpaka getini, mbona safari hii kanyamaza? Nadhani ananionea huruma, hataki kufurahi mbele yangu.

Naandika kwako kwa kuwa umeyasomea mambo haya. Naomba unieleze nilikosea wapi.

Tarehe 23 Februari ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini baada ya ruhusa. Mashuka ya vyumba kumi na viwili yalikuwa yamelowekwa kwenye dawa ya weupe, karo limejaa. Nikaona dawa imepungua nguvu. Nikaingia stoo, nikachukua dumu la kwanza kutoka mlangoni, kama nilivyochukua miaka kumi na minane, nikaja nikamimina. Ukanipanda moshi usoni, wa kijani unaoelekea njano. Kumbe nimemimina dawa ya kutu. Mama yako alikuwa mapokezi. Alishuka mbio, akanivuta kwa makwapa mpaka nje. Bila yeye nisingekuwa naandika, na hilo nalisema kila nikaapo.

Daktari anasema kifua kitapona, lakini chote sijui. Nikipanda ngazi tatu napumzika.

Sasa Meneja anasema ni uzembe wangu. Anasema alipofika stoo alikuta dumu la weupe lina kifuniko chekundu, na cha dawa ya kutu ni cha njano, kipo palepale sakafuni pembeni ya karo. Macho yangu yalikuwa wapi? Kikao ni tarehe 16 Aprili. Nikishindwa natoka kazini, na hospitali najitegemea.

Mwanangu, mimi nakumbuka bluu. Nakumbuka niliingia stoo nikasimama kwanza, nikasema moyoni, humu kumependeza, kumekuwa bluu tupu. Lakini vile vifuniko nimeonyeshwa, nimevishika. Nimemuuliza mama yako mara tatu: "Mwenzangu, vilikuwa bluu, au mimi ndio nazeeka?" Ananimenyea chungwa. Hajibu. Naona anaogopa kuniambia kwamba akili inaniaga.

Wewe niambie tu. Sitakasirika.

Ni mimi Mama yako Mdogo,
Bi Mapovu


Tarehe 3 Aprili

Mama,

Bi Mapovu ameniandikia.

Ripoti yangu imerudishwa, na picha iko mezani mbele yangu. Nimehesabu vifuniko. Sita, vyote bluu. Ilipigwa Jumamosi ile, tarehe 14. Yeye aliumia tarehe 23. Chekundu kimetoka wapi?

Naomba uniandikie kama mtu anayezungumza na mwanawe. Usiniandikie barua ya kubandika ukutani.

Chiriku


Tarehe 8 Aprili

Mwanangu,

Barua yako sikuisoma mbele ya mtu. Nimeisomea bafuni, maji yamefunguliwa, kama mwizi.

Nitakwambia yote, usiniache katikati.

Lebo hazikuwepo. Hazijawahi kuwepo. Lebo ilikuwa kifuniko, kama nilivyokufundisha ukiwa mdogo. Na mimi nikavitoa vifuniko ili picha yako ipendeze. Nikaviweka kwenye ndoo ya vyuma chakavu, sikuvitupa. Dawa ya weupe ilikaa ya kwanza kutoka mlangoni miaka yote. Lakini siku ile dumu lililojaa lilikuwa la kutu, kwa kuwa kutu hatuisafishi sana, nikaliweka mbele. Kwa ajili ya picha, Chiriku. Limejaa, linang'aa.

Wasichana wawili wa kibarua waliokuwa zamu niliwaambia, ila kibarua chao kiliisha wiki ile ile wakaondoka. Nilikuwa nimwambie na Bi Mapovu asubuhi ile akiingia. Niliamka nikiwaza hilo. Halafu dada wa mapokezi akapita akasema kuna mgeni wa ghorofa ya tatu anafanya kazi ya bima, anataka kuona picha ya Daktari wa Hatari. Nikapanda. Nilikuwa pale kaunta, picha mkononi, namwambia mgeni, "Mwanangu anaandika chumba changu," ndipo nikasikia kelele chini.

Nilimtoa, ni kweli. Lile dirisha ulilouliza, lililokwama, nililivunja kwa ufagio. Alikuwa mzito, alikuwa anatoka damu puani, anasema "mashuka, mashuka." Mpishi na mlinzi wakambeba mpaka kwenye gari.

Hapo ndipo nilipobaki peke yangu. Moshi ulikuwa umepungua. Nikasikia viatu vya Meneja juu ya ngazi. Sikuwaza, mwanangu. Au niliwaza, sijui. Nilijifunga kitambaa puani nikaingia stoo, nikatoa chekundu kwenye ndoo nikakifunga kwenye dumu la weupe, na cha njano nikakiweka sakafuni pembeni ya karo, kile cha bluu kilichokuwa pale nikakitia mfukoni. Haikuchukua muda wa kuvua kiatu. Meneja alipoingia aliona vifuniko, akasema, "Huyu mama haoni?" Nami nilinyamaza.

Siku ya kwanza nilijiambia nitasema akitoka hospitali. Alipotoka nikajiambia nitasema ripoti yako ikishapita. Ilipopita nikajiambia nitasema baada ya mahafali. Kila mara nakuweka wewe mbele yangu kama ngao, na wewe hujui.

Nampelekea machungwa. Ananiuliza kama anazeeka. Namenya ganda lote kwa mkato mmoja bila kulikata, ili macho yangu yawe na kazi. Jana kaniambia amemwomba binti yake awe anafunga jiko mwenyewe, maana yeye hajiamini tena. Mwanamke aliyekuwa anajua doa la kila chumba kwa harufu.

Nikisema, watanifukuza, na ripoti yako itakuwa ya uongo. Nisiposema, yeye anafukuzwa. Nimekaa na hesabu hii mpaka kichwa kinauma. Wewe ndiye uliyesomea. Niambie nifanye nini, nitafanya.

Mama yako


Tarehe 11 Aprili

Mama,

Sitakwambia ufanye nini. Ningependa, lakini ukifanya kwa sababu nimekwambia, utakuwa umenipa na hilo nilibebe.

Nitakwambia langu, halafu hutalisoma kwa sauti kwa mtu.

Picha ilipofika, nilikaa nayo kitandani. Niliona vifuniko. Mimi, uliyenishika mkono nikiwa na miaka sita ukaniambia chekundu usiguse. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, kabla ya chochote, kilikuwa: sasa Mama Mdogo atajuaje ipi ni ipi? Niliwaza hivyo, kwa jina lake kabisa. Barua yako ilikuwa imesema hakuwepo. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 21. Simu ilikuwa kwenye mto. Halafu nikaiangalia picha tena nikasema, lakini imependeza. Nikaibandika kwenye ukurasa wa tisa.

Na ni mimi niliyesema papangwe kabla ya picha. Somo la kwanza kabisa tulilofundishwa ni kwamba ukienda kukagua mahali usiwape nafasi ya kujipamba. Nililifaulu somo hilo. Nilipata alama zote.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mwalimu nikamwambia ripoti si ya kweli, na nilijua kabla ya kuipeleka. Hakunigombeza, ndilo lililonivunja. Aliitoa nakala yake ya ile picha kwenye mafaili akaiweka juu ya meza akaiangalia muda mrefu. Matokeo yamefutwa. Kama nitaruhusiwa kurudia watanijulisha kwa maandishi, huenda mwakani, huenda isiwe. Tarehe 30 hatutakwenda.

Bi Mapovu nimemjibu mistari miwili tu: vilikuwa bluu, na akili yake ni nzima. Sikumwambia mengine. Hayo si yangu kusema, lakini lile moja nisingeweza kumwacha nalo siku nyingine.

Picha naiweka humu. Yako sijui kama bado unayo, na hii inaonyesha. Nimekupa wewe, sikumpelekea Meneja.

Binti yako


Tarehe 24 Aprili

Mwanangu,

Kikao kilikuwa saa nne asubuhi. Walikuwa Meneja, mhasibu wa kuandika, Bi Mapovu na binti yake, na mimi niliyeitwa kama shahidi wa kusema kwamba kifuniko chekundu huwa kinaonekana vizuri. Meneja akaniuliza hivyo hivyo. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri tangu nyumbani, marefu, yana na "kwa heshima zote" ndani. Yote yakanitoka. Nikaweka picha mezani.

Meneja akasema, "Hii nini?"

Nikasema, "Stoo. Siku tisa kabla."

"Nani alibadilisha?"

"Mimi."

"Na chekundu alikirudisha nani?"

Mhasibu akaacha kuandika. Nikasema, "Mimi. Wakati wewe unashuka."

Nilikuwa namtazama Meneja kwa sababu huyo nilimwogopa kidogo kuliko Bi Mapovu. Lakini nikamsikia Bi Mapovu. Alisema, "Kwa hiyo vilikuwa bluu kweli." Akacheka, mkono kifuani, akamgeukia binti yake: "Si nilikwambia? Chiriku hakunidanganya. Bluu!" Alifurahi, mwanangu. Alifurahi kwanza. Halafu kikohozi kikamshika, kikamshika sana, na kilipomwachia alikuwa ananitazama mimi.

"Mwenzangu, siku ngapi?"

Nilikuwa najua. Nikamwambia hamsini na mbili.

Akasema, "Na machungwa yote yale." Basi. Akamshika binti yake mkono wakatoka.

Mimi sina kazi tena. Meneja alitaka kuita polisi, mhasibu akamtuliza, barua wataniletea. Hospitali ya Bi Mapovu italipwa na hoteli, yote, na karatasi ya uzembe imechanwa mbele yangu. Yeye ndiye msimamizi sasa. Nilimwambia Meneja hakuna mwingine anayefaa, akasema hakuniuliza, na ni kweli hakuniuliza.

Nataka na wewe ujue jambo moja. Juzi nilikutana na dada wa mapokezi dukani, akaniuliza mahafali ni lini. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia: mwanangu alipata tisini na moja akazirudisha mwenyewe, kwa miguu yake, bila kuitwa. Sijawahi kuwa na neno kubwa kama hilo la kusema juu yako. Nikaufunga mdomo. Nikamwambia hakuna mahafali, ni kwa ajili yangu, nikanunua chumvi nikaondoka. Mtu wa kujisifu kama mimi, na hilo ndilo ninalostahili kukaa nalo kimya.

Jana asubuhi, saa kumi na mbili hazijatimia, mlango ukagongwa. Bi Mapovu. Amevaa sare. Nikamkaribisha, hakuingia. Nikamwekea kiti nje, hakukaa.

Akasema, "Sikuja kukusamehe. Hilo usilitarajie leo, na sijui lini."

Nikasema, "Sawa."

"Leo naanza kazi. Nimefika mpaka kona pale, miguu imekataa. Naogopa mlango wa stoo. Nimeuota." Akawa anatazama barabara, si mimi. "Binti yangu ana mtoto mchanga. Mume wangu atanicheka. Nikafikiri nani ataelewa mlango wenyewe ulivyo, nikakosa mwingine. Usiseme kitu njiani."

Nikavaa viatu. Unanijua, Chiriku, kutoka nyumbani hadi hotelini ni mwendo wa robo saa na mimi sijawahi kwenda robo saa bila kusema. Jana ilikuwa dakika arobaini. Alisimama mara saba kupumua. Mara ya tano alishika bega langu, kwa sababu ukuta ulikuwa mbali. Alipopata pumzi akaliachia.

Getini mlinzi akanyanyua mkono, akaniambia kwa aibu kwamba mimi mwisho ni hapo mlango wa nyuma. Nikamwambia najua. Tukasimama juu ya zile ngazi za kushuka. Mlango wa stoo unaonekana kutoka pale. Madumu yamewekwa lebo sasa, karatasi kubwa kubwa nyeupe, nimeziona kwa mbali, kaziandika mhasibu.

Bi Mapovu akaweka mkono kwenye reli. Akashuka ngazi moja, akangoja. Akashuka ya pili. Nilikuwa nimenyoosha mikono bila kujua, kama unavyomfanyia mtoto anayejifunza kutembea. Alishuka zote. Mlangoni alisimama muda mrefu. Kisha akaingia, wala hakugeuka.

Nikabaki pale juu. Nikamsikia anakohoa. Akakohoa tena. Halafu kukawa kimya, na kimya kile nilikisikiliza kwa mwili mzima. Halafu nikasikia bomba la karo linafunguliwa, na maji yakaanza kuingia.

Ndipo nikarudi nyumbani.

Leo kanipitia tena. Hajasema neno, na mimi sijasema. Leo kasimama mara sita.

Mama yako